Mlinzi wako anaitwa nani?

Rafiki yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Kharumwa, na nje kidogo ya mji ana makarasha mawili ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilipopita kumsalimia hivi karibuni nilimkuta ametandaza karatasi mbili kwenye kaunta, katikati ya makopo ya rangi na mizani ya misumari. Moja ilikuwa barua ya kampuni ya ulinzi, imechapwa vizuri, ina muhuri wa zambarau na bei ya lindo moja la usiku. Nyingine ilikuwa ukurasa wa daftari la madeni. Juu ameandika kwa kalamu "Babu", na chini yake tarehe na pesa alizompa mlinzi wake kila mwisho wa mwezi, baada ya kukata sukari, nusu mfuko wa saruji na nauli ya kwenda msibani.

"Mwandishi, afadhali umekuja," akaniambia. "Nishauri. Nimwache Babu nichukue kampuni, au niachane na kampuni nibaki na Babu?"

Babu analinda duka hilo mwaka wa tisa sasa. Hufika jua likizama, na rungu, tochi na koti la mvua hata kiangazi, akakaa kwenye benchi chini ya taa mpaka bodaboda za alfajiri zianze kupita. Kwa miaka minane haukupotea hata msumari. Halafu usiku mmoja nondo ishirini zikaondoka uani. Babu alisema hakusikia kitu. Nondo ishirini hazitoki uani kimyakimya, na tangu siku hiyo rafiki yangu anamsalimia mzee wa watu kwa nusu mdomo.

Swali lake linaulizwa kila kona ya mji huu. Tangu mwaka 2012, Nyang'hwale ilipopata hadhi ya wilaya na Kharumwa kuwa makao makuu yake, mwaka uleule Geita ilipokuwa mkoa, mali imeongezeka upesi kuliko macho ya kuiangalia. Zimekuja ofisi, gesti, vituo vya mafuta, mawakala wa benki na wa simu, maghala ya mpunga, wanunuzi wa dhahabu, mitambo ya kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa. Kila mwenye mali chini ya bati hufika usiku fulani akajiuliza: niajiri mtu wangu, au nikodi mtu wa kampuni?

Nitoe msimamo wangu mapema. Wengi wetu tunalijibu swali hili kwa bei, na bei tunazozilinganisha ni za uongo pande zote mbili. Ukizinyoosha, tofauti ya pesa inakuwa ndogo kuliko ulivyodhani, na linabaki jambo ambalo halimo kwenye barua ya kampuni wala kwenye daftari la madeni: nani anamjua mlinzi huyo, na nani atajibu siku akikosea au akikosewa.

Zamu ya jirani

Ukanda huu haukuanza kulindwa na watu wa sare. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi wa bunduki ulipowachosha wanakijiji wa Kahama na wilaya za jirani, siku zisizo mbali na Vita vya Kagera, Wasukuma na Wanyamwezi walijiundia jeshi lao la vijiji. Walikuwa na ntemi wao, katikiro wao na makamanda wao. Silaha zao zilikuwa upinde na mshale, na king'ora chao kilikuwa mwano: ukelele unaopokezwa kutoka boma hadi boma mpaka njia zote za mwizi zizibwe. Watu wakawaita sungusungu, kama wale wadudu weusi ambao ukimkanyaga mmoja wanakujibu wote.

Hakuna aliyelipwa mshahara. Malipo yalikuwa zamu: leo nakesha kwa ajili ya ng'ombe wako, kesho utakesha kwa ajili ya wangu. Serikali ilibabaika nao kwa miaka kadhaa. Wanasiasa waliwasifu, mahakama zikawatilia shaka, baadhi ya viongozi wao wakajikuta kizuizini, mpaka mabadiliko ya sheria ya mwaka 1989 yalipowapa nafasi pamoja na mgambo. Wala tusiwapake asali. Kulikuwa na viboko, faini za kukomoana, na wanawake waliofukuzwa kijijini kwa kusingiziwa uchawi. Jeshi linalomjua kila mtu linajua pia ni nani hana wa kumtetea.

Lakini waliweza kitu kimoja ambacho sisi wa mjini tumekipoteza. Mlinzi alimjua kila apitaye, na kila apitaye alimjua mlinzi. Mgeni akionekana saa nane za usiku aliulizwa anatoka kwa nani. Kharumwa ya leo imejaa watu waliokuja kwa rashi ya dhahabu kutoka Kigoma, Mara, Tabora na kwingineko. Nusu ya wapangaji wa mtaa hawajulikani hata na mwenye nyumba. Macho ya jirani yamepungua nguvu, nasi tumeanza kununua macho ya mtu mwingine. Hapo ndipo bei inapoingia.

Hesabu ya lindo moja

Chukua lindo la kawaida la usiku: saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba. Hizo ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, yaani wastani wa 12 na nusu kwa wiki. Jumlisha zote: mtu mmoja hawezi kihalali kuvuka saa 57 na nusu. Kwa hiyo lindo la usiku la siku saba ni la watu wawili, awe mlinzi wa kampuni au mjomba wako.

Wawili wakipokezana, kila mmoja anafanya wastani wa saa 42 kwa wiki, na sheria inaruhusu zamu ya saa 12 ikiwa mmekubaliana kwa maandishi. Amri ya mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha Sh148,000 kwa mwezi kwa mlinzi wa kampuni ndogo ya ulinzi, na Sh222,000 kwa kampuni kubwa. Kima kimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, lakini hata kile cha zamani kinatosha kutufundisha. Watu wawili kwa kima kidogo ni Sh296,000. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, inaongezewa asilimia 5 kwa kila saa. Kwa wawili hao ni kama Sh12,000. Mwajiri akichangia NSSF asilimia 10, ni karibu Sh31,000. Tumefika Sh339,000, na bado hatujanunua buti, sare, tochi wala filimbi. Hatujamlipa msimamizi anayezunguka malindo kwa pikipiki, hatujalipa likizo, na mwenye kampuni hajapata hata senti.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, anakuja mtu na barua ya Sh250,000 kwa lindo. Usifurahi. Kaa naye umuulize faida yake inatoka wapi. Kwa bei hiyo hawezi kuweka watu wawili. Ataweka mmoja, usiku kwa usiku, na huyo mmoja, kwa kuwa mshahara haumtoshi, mchana atakuwa anabeba zege mahali pengine. Ikifika saa nane usiku atalala, na itakuwa haki yake. Au atalipwa chini ya kima, tena kwa kucheleweshwa miezi miwili, huku akilinda nondo ambazo moja yake tu ingemlisha wiki nzima. Wahenga waliposema rahisi ghali hawakuwa wanasema habari za walinzi, ila ingewafaa.

Kuna na kodi. Kampuni iliyosajiliwa VAT itakuongezea kodi hiyo, kwa kawaida asilimia 18, kwenye ankara. Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa naye anaweza kuirudisha kwenye hesabu zake. Mwenye duka la kawaida la Kharumwa ataimeza yote.

Nilipofika hapo rafiki yangu alitabasamu. "Umeona? Ndiyo maana Babu ni nafuu."

Nikamwomba lile daftari.

Anayemkopa mwenzake

Babu analinda peke yake usiku wa siku saba, mwaka wa tisa sasa. Duka liko chini ya sekta ya biashara, ambayo katika amri ileile ya 2023 kima chake kilikuwa Sh150,000. Babu alikuwa akipata chini ya hapo, na bado anakatwa sukari. Sheria inampa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Hakuwahi kwenda likizo, alikwenda misibani tu, tena kwa nauli ya kukopa. Hana NSSF. Hana hata kipande cha karatasi kinachosema kwamba ameajiriwa, wakati sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: jina, umri, anwani, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, saa, malipo.

Wengi hudhani karatasi isipokuwepo, mwenye duka ndiye aliyejikinga. Ni kinyume chake. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini uko mabegani mwake. Babu akisema mlipatana Sh200,000, ni wewe wa kuonyesha kuwa sivyo.

Na ukitaka kumwachisha ili kampuni ichukue nafasi yake, huamki tu asubuhi ukamwambia kesho usije. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Anastahili kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka aliokamilisha, hadi kikomo cha miaka kumi. Miaka minane kamili ni siku 56. Ana madai ya likizo. Na kwa kuwa unamwondoa kwa kubadilisha mfumo wako wa ulinzi, sheria inakutaka umweleze sababu na kushauriana naye kabla.

Niliandika hesabu hizo upande wa pili wa ukurasa wake, mkabala na sukari na saruji. Daftari lile lilikuwa na madeni yote ya Babu, ila deni la mwenye duka kwa Babu halikuwa limeandikwa popote. Babu hakuwahi kuwa nafuu. Alikuwa anakopwa.

Na zile nondo ishirini? Sijui aliyezichukua. Najua tu kwamba mtu mwenye mvi, anayekesha peke yake mwaka wa tisa bila hata usiku mmoja wa kupumzika, hahitaji kula njama na mwizi. Inatosha asinzie nusu saa.

Mwadui na mlinzi wa kukodi

Wapo wanaoikimbilia kampuni kwa sababu nyingine kabisa. Wanataka kuhamisha lawama. "Nikikodi," mwenye mtambo mmoja wa kuchenjulia aliniambia, "mlinzi akimvunja mtu mguu ni shauri la kampuni yake." Bwana huyu hana haja ya kusafiri mbali kupata somo. Lipo hapo Mwadui, Shinyanga.

Mgodi wa almasi wa Williamson ulianza mwaka 1940, chini ya John Williamson, Mkanada aliyeuzungushia ua na kuujengea mji wake wenyewe. Almasi ni mali ya ajabu: jiwe dogo mdomoni linaweza kumaliza umaskini wa ukoo, na kwa hiyo tangu zamani kumekuwa na vijana wa vijiji vya jirani wanaoingia usiku kutafuta. Wenyewe huwaita wabeshi. Katika miaka ya karibuni mgodi ulikuwa chini ya Petra Diamonds, kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la London, Serikali yetu ikiwa na hisa, na ulinzi ulikuwa umekabidhiwa kampuni ya kukodi.

Mwaka 2020 shirika la RAID la Uingereza lilitoa ripoti kuhusu watu waliopigwa, waliopigwa risasi na waliofungiwa baada ya kukamatwa ndani ya eneo la mgodi. Mawakili nao walifungua madai London. Mei 2021 Petra ilitangaza suluhu na wadai 71, yenye thamani ya pauni milioni 4.3, zikiwemo gharama za mawakili na fedha za miradi ya jamii. Ilisema haikiri kuwajibika kisheria, lakini ilikubali kwamba matukio yaliyoleta vifo, majeraha na mateso yalikuwa yametokea. Sasa tazama nani alilipa. Rungu lilikuwa mkononi mwa mlinzi wa kampuni ya kukodi, jina lililotajwa kwenye magazeti ya London lilikuwa la mwenye mgodi.

Kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara kulikuwa na sura nyingine ya jambo hilohilo. Huko polisi walilinda mgodi kwa makubaliano na kampuni, watu wakauawa kwa risasi, na familia zikaifikisha kampuni Mahakama Kuu ya London. Kesi hiyo ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2015. Mlinzi awe wa kuajiriwa, wa kukodi au wa kuazimwa serikalini, watu wanamtazama mwenye mali aliyemweka pale.

Utasema hayo ni makampuni makubwa, sisi tuna makarasha mawili tu. Sawa. Lakini kijana akipasuliwa kichwa kwenye makarasha yako kwa kushukiwa kuiba mfuko wa mawe, ndugu zake hawataenda kutafuta ofisi ya kampuni ya ulinzi iliko. Watakuja kwako, na polisi nao wataanzia kwako.

Wenzetu wamejaribu kulitatua hili kwa leseni. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2001 inayomtaka mlinzi wa kampuni ya kukodi awe na leseni binafsi, lakini ikamwacha nje mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja na mwenye mali. Afrika Kusini, mwaka uleule, ikatunga yake inayowagusa wote wawili. Kenya ina sheria ya walinzi binafsi tangu 2016. Kwetu, kwa miongo kadhaa kampuni zimefanya kazi kwa usajili wa biashara na usimamizi wa Polisi, huku sheria mahususi ya ulinzi binafsi ikizungumzwa zaidi kuliko kutungwa. Maana yake, uchunguzi ambao kwingine hufanywa na mamlaka, hapa unabaki kwako wewe unayetia saini.

Basi tufanyeje?

Mwenye duka, gesti, ghala la mpunga au shule, ushauri wangu ni aajiri mwenyewe, ila asiajiri peke yake. Rudi kwenye ile hesabu ya kima cha zamani, Sh339,000; kima cha biashara kilipishana nacho kidogo tu. Maduka manne yanayopakana, yenye ua mmoja wa nyuma na njia moja ya mbele, yakigawana gharama hiyo ni kama Sh85,000 kila moja kwa mwezi. Rafiki yangu alikuwa anampa Babu zaidi ya hapo. Kwa pesa pungufu angepata watu wawili wanaopokezana, wanaolala mchana kama binadamu na kukesha usiku kama walinzi. Mmoja wa wenye maduka ndiye atie saini kama mwajiri, na wenzake waandikiane naye namna ya kuchangia, ili mwezi wa njaa usimwangukie mlinzi. Hii ndiyo ile zamu ya sungusungu, safari hii ikiwa na mkataba badala ya viboko.

Watu wapo. Kila mwaka wilaya zetu zinafundisha vijana mafunzo ya jeshi la akiba, na wengi wao hurudi nyumbani kusubiri kazi. Mgambo anayejulikana kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa polisi kata, mwenye mama yake hapo hapo Nyang'hwale, ana sababu ya kuogopa aibu ambayo mlinzi aliyeletwa juzi kwa basi hana. Nazijua hoja za upande wa pili: kwamba mwenyeji ana binamu, na binamu ana marafiki, na kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli. Ndiyo maana nasema wawili, na wasitoke ukoo mmoja.

Penye mali inayovuta bunduki mambo ni tofauti. Mnunuzi wa dhahabu, kituo cha mafuta, wakala mkubwa wa pesa: hawa wanahitaji kitu ambacho mgambo mwenye rungu hawezi, na hawapaswi kumtuma akafe. Silaha ina sheria yake ya mwaka 2015, na kibali cha bunduki ni cha aliyepewa. Huwezi kumwachia mlinzi wako bastola yako kama unavyomwachia funguo. Hapo kodi kampuni. Inakupa mtu mwingine mlinzi wako akiugua, msimamizi wa usiku, redio, na uwezo wa kumbadilisha mlinzi aliyeanza kuzoeana mno na wateja. Ila kabla ya kutia saini uliza maswali ambayo barua yenye muhuri haiyajibu.

Uliza gari la doria linalala wapi. Likilala Kahama au Geita mjini, makumi ya kilomita kutoka hapa, king'ora chako kitawaamsha mbwa tu. Uliza nani anampokea mlinzi wako siku ya mapumziko, na utajiwe jina. Soma kifungu cha hasara mpaka mwisho. Mikataba mingi huahidi ulinzi ukurasa wa kwanza na kuukana ukurasa wa mwisho. Halafu mwache ofisa masoko na tai yake, nenda usiku kwenye lindo la mteja wake mwingine, umsalimie mlinzi, umpe chai, umuulize mshahara wa mwisho aliupata lini. Jibu hilo lina thamani kuliko cheti chochote ukutani.

Kwenye makarasha na mitambo ya kuchenjulia, nitakuwa mkali zaidi. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba mali haiibwi kwa kuruka ukuta. Katika mtambo wa kuchenjulia, maji yenye sianidi hupita kwenye marudio siku baada ya siku yakibeba dhahabu, na kaboni huinasa. Kazi yote ya wiki kadhaa inaishia kwenye kaboni ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba kwa ndoo kabla haijafika kwenye elusheni, mahali dhahabu inapotolewa kwenye kaboni. Anayeiba ni anayejua siku gani kaboni imeshiba, na mara nyingi huyo yumo ndani. Kwa hiyo mlinzi wa geti asiwe mlinzi wa kaboni. Geti lipewe kampuni, kaboni ilindwe na mtu wako, na pawe na kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili wasiokula sahani moja. Anayetoka na mfuko apekuliwe na mtu asiyemjua. Anayeigusa kaboni aangaliwe na mtu anayemjua. Hapa, kwa maoni yangu, kuajiri na kukodi vinahitajiana.

Na popote ulipo, mlinzi aambiwe kwa maandishi mamlaka yake yanaishia wapi. Akimkamata mtu, ampigie polisi kata. Hana mahakama getini, wala hana gereza kwenye stoo ya saruji. Sentensi hizo mbili tu, zikisomwa na kutiwa saini, zingeokoa pesa nyingi Mwadui, na kabla ya pesa, watu.

Kipengele cha kwanza

Tulipofika hapo jua lilikuwa limeshuka. Rafiki yangu alisema ameelewa, ila moyo wake unamvuta kubaki na Babu. "Hata kama alisinzia. Kampuni wataniletea mtu nisiyemjua. Babu namjua."

Nikamwambia, basi anza mkataba leo. Kipengele cha kwanza ni jina kamili la mfanyakazi. Babu anaitwa nani?

Alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama kijana wake wa dukani; kijana akatikisa kichwa. Alijua Babu anatoka kijiji kipi. Alijua anapenda chai ya rangi yenye tangawizi, na kwamba alizika mke miaka mitatu iliyopita, maana alimkopesha nauli. Jina lake hakulijua. Kwenye simu alikuwa amemwandika "Babu Dukani".

Mzee mwenyewe akatokea dakika chache baadaye, koti begani, tochi mkononi. Rafiki yangu alimvutia kiti, jambo ambalo nadhani lilimshangaza, akamsomea saa, malipo, siku za mapumziko, na yale ya maduka jirani kuchangia. Kisha akamuuliza jina. Babu alilitaja taratibu, majina matatu, na la pili ilibidi alirudie kwa sababu lilikuwa limeandikwa vibaya.

Alinyamaza kidogo, akiuangalia ule ukurasa ambao mpaka siku hiyo ulikuwa na madeni yake tu. Halafu akauliza swali ambalo tajiri yake alipaswa kujiuliza siku ya kwanza.

"Na wa kupokezana naye ni nani?"